Taa Nne Zilizofia Kwenye Fomu

Mwezi Machi mwaka jana nilitia saini fomu iliyosema kwamba taa nne za maabara yetu "zimeharibika kabisa na hazifai kutengenezwa". Sikuwa nimefungua hata moja. Hakuna mtu aliyekuwa amefungua hata moja. Tulikuwa tumebonyeza swichi, tumesubiri, tumebonyeza tena, tumetazamana, basi. Fomu ina nafasi tatu za saini na yangu ilikuwa ile ya "mtumiaji wa kifaa". Naandika haya kwa sababu taa tatu kati ya zile nne zinawaka hivi sasa, chumba cha pili kutoka hapa nilipokaa, na kwa sababu nimechoka kusikia neno "imekufa" mahali ambapo ukweli ni kwamba hatujatazama.

Ninasoma shahada ya uzamili katika chuo kimoja cha hapa Iringa. Sitakitaja, bado nakihitaji. Nyumbani ni Mbeya. Utafiti wangu unahusu mbuna, wale samaki wadogo wa Ziwa Nyasa wanaoishi kwenye miamba. Jina lenyewe tumelipata kwa Watonga wa upande wa Malawi. Wana rangi kama vitenge vilivyoanikwa: bluu, njano, machungwa, mistari myeusi. Ziwa lile lina mamia ya spishi za jamii yao, na nyingi hazipatikani mahali pengine popote duniani. Ukienda Matema, wilayani Kyela, pale milima ya Livingstone inaposhuka moja kwa moja hadi majini, unaweza kuwaona ukiwa umesimama tu juu ya jiwe. Wengi wao hukwangua na kula ule utelezi wa kijani unaoota kwenye mawe. Swali langu ni dogo: utelezi huo unakua kwa kasi gani chini ya mwanga wa kiasi gani, na samaki wanauwahi au hawauwahi?

Kuna watu Ujerumani na Marekani wanaofuga samaki hawa sebuleni, wanaojua hata wanataga vipi na mama anavyobeba mayai mdomoni, na hawajawahi kukanyaga Kyela. Sisi tuliozaliwa saa chache kutoka ziwani tunawajua zaidi kwenye picha. Nilitaka tangi moja la vioo, mahali pamoja Nyanda za Juu Kusini, ambapo mwanafunzi anaweza kukaa na daftari akawatazama. Ndiyo maana hasira yangu juu ya taa imekuwa kubwa kuliko taa zenyewe.

Mtu atauliza kwa nini nisitumie jua. Iringa jua lipo. Lakini jua la Januari linakuja na mawingu, linaondoka, linarudi saa tisa, na mimi nahitaji saa kumi na mbili za mwanga ulio sawa kila siku, mkali kama ule unaopiga mawe ya ufukweni. Mradi mmoja uliokwisha zamani uliacha taa za metali halaidi, wati 250 kila moja. Ni ndugu wa zile zilizotumika miaka mingi kwenye viwanja vya mpira na maghala, na wafuga matumbawe wa nchi za nje walizipenda kwa sababu mwanga wake unazama vizuri majini.

Ngoja nieleze zinavyofanya kazi, kwa sababu kosa letu lote limo humo. Ndani ya balbu kubwa kuna kichupa kidogo cha kwatsi, chenye gesi ya agoni, zebaki kidogo na chumvi za metali. Hakuna uzi wa kuungua kama kwenye globu za zamani. Umeme lazima uruke kutoka ncha moja hadi nyingine kupitia gesi, na gesi ikiwa baridi haikubali. Volti 230 za ukutani haziitishi. Kwa hiyo kuna kifaa kidogo, mafundi wanakiita ignaita, kinachopiga mapigo mafupi ya volti elfu tatu, nne, hata tano. Gesi ikikubali, shida inageuka upande wa pili: mkondo ukiachwa utapanda mpaka kitu kipasuke. Anayeushika ni choki, ule msokoto mzito wa shaba na chuma unaonguruma. Mwanzoni unaona mwanga hafifu, wa bluu kuelekea zambarau. Halafu kwa dakika kadhaa metali zinageuka mvuke, na chumba kinakuwa cheupe kama saa sita mchana.

Jambo jingine, ambalo kila mlinzi wa uwanja wa mpira analijua na sisi wa chuo hatukulijua: taa hii ukiizima ikiwa ya moto, haiwaki hapo hapo. Shinikizo ndani ya kichupa ni kubwa, na pigo la ignaita halilipenyi mpaka kipoe, dakika kumi, kumi na tano, wakati mwingine zaidi. Siku ya kwanza umeme ulipokatika na kurudi mara moja, tuliandika kwenye daftari la maabara: "Taa zote zimeungua." Baada ya robo saa zikawaka zenyewe. Hatukufuta tulichoandika.

Basi Januari taa namba 2 ikagoma. Februari zikafuata namba 4 na namba 1. Wiki ya kwanza ya Machi namba 3 ikazima na mawe yangu yakabaki gizani. Utelezi ukageuka kahawia, ukabanduka vipande vipande, ukaelea. Wiki tisa za vipimo zikaishia kwenye ndoo.

Nilijaribu. Sitaki nijifanye sikujaribu kabisa. Nilitafuta maelekezo, nikapata ya Kimarekani, yakasema taa ikigoma mtuhumiwa mkubwa ni kapasita. Nikaenda mjini, Miyomboni, nikanunua kapasita kwa shilingi elfu ishirini na nane, hela ya kula. Nikachomoa waya ukutani, nikafungua sanduku, nikanyoosha vidole kuishika ile ya zamani. Fundi sanifu wa maabara, kaka mmoja mpole asiyepandisha sauti hata siku moja, alinidaka kiwiko. "Dada, hiyo inaweka umeme hata ukichomoa." Akatafuta njia ya kuitoa chaji kwanza, kisha akafunga mpya. Tukabonyeza. Kimya.

Baadaye ndipo nilipoelewa ujinga wangu ulipokuwa. Kwenye masanduku mengi ya Kimarekani kapasita imefungwa katika njia ileile ya mkondo unaokwenda kwenye taa. Ikifa, taa haina njia. Kwenye masanduku ya aina yetu, ya Ulaya, ya volti 230, kapasita imekaa pembeni, ubavuni mwa laini, kazi yake ni kupunguza mkondo unaovutwa bure. Ukiiondoa kabisa, taa bado itawaka. Elfu ishirini na nane yangu ilitibu ugonjwa wa taa nyingine, iliyoko bara jingine. Nilikuwa nimesoma sana na sikuwa nimetazama mchoro uliobandikwa ndani ya mfuniko wa sanduku lililokuwa mbele yangu. Mchoro upo. Wa rangi nyeusi na nyeupe, ukubwa wa kiganja.

Nikaenda stoo kuuliza. Mama wa stoo, ambaye hana kosa, anafuata anachoambiwa, akanipa fomu. "Andika imekufa mwanangu, ndiyo tuombe mpya. Ukiandika mbovu watasema tengenezeni, na hela ya kutengeneza haipo." Someni sentensi hiyo mara mbili. Hela ya kununua ipo, au itakuwepo mwaka wa fedha ujao. Hela ya kutengeneza haina kifungu. Kwa hiyo kila kitu kinachougua chuoni kwetu lazima kife kwanza ndipo kihudumiwe. Nilimwendea msimamizi wangu, nikamwambia nataka kuzifungua moja moja. Akaniambia kwa upole wa mtu mwenye tasnifu nane mezani: "Wewe ni mwanabiolojia, si fundi umeme. Andika ombi, endelea na sura ya pili." Nikasaini.

Hapo ndipo ninapogombana na watu wa aina yangu. Nilisoma PCB. Nimechora transfoma kwenye mitihani, nimekokotoa mizunguko ya waya, nimeandika kwa mwandiko mzuri jinsi gesi inavyopitisha umeme. Nikapewa alama zangu. Hakuna mtihani hata mmoja ulionikalisha mbele ya kitu kisichofanya kazi ukaniuliza: kwa nini? Tumefundishwa vitu vikiwa vizima. Kifaa kikigoma, elimu yetu inaishia hapo na inaanza fomu. Halafu tunashangaa mtoto aliyeishia darasa la saba akikaa kwenye kibanda cha kutengeneza simu anajua kitu tusichokijua. Anajua kuuliza swali dogo, halafu jingine dogo baada ya hilo.

Kabla sijafika kwake, neno moja kuhusu mahali "marehemu" huzikwa. Nyuma ya majengo yetu kuna shimo. Mirija ya taa, balbu, betri, vyote huenda humo. Kila taa ya namba hii ina zebaki. Sisi watu wa mkoa wa Mbeya zebaki hatuhitaji kuelezwa na mgeni. Wachimbaji wadogo wa dhahabu wa Chunya wamekuwa wakiishika kwa mikono miaka yote, na Tanzania imeuridhia Mkataba wa Minamata wa 2013 unaohusu hatari hiyohiyo. Tunawapa semina wachimbaji, halafu tunatupa ya kwetu shimoni kwa sababu iko ndani ya kioo na tumeshasaini.

Likizo ya Pasaka niliomba kwa mdomo nichukue taa namba 4 na sanduku lake kwenda nazo nyumbani. Ni mali iliyokufa, nani angekataa? Choki ni nzito kama jiwe la kusagia. Nilipakata sanduku kutoka stendi ya Iringa, Mafinga, Makambako, Igawa, mpaka Uyole magoti yakiwa na ganzi, balbu nimeifunga kwenye kanga mbili. Kondakta alitaka kulitoza nauli.

Fundi yupo Mwanjelwa, upande wa SIDO. Ameniomba nisimtaje. Baba yangu mdogo ndiye aliyenielekeza. Huyu mzee ametengeneza taa za vituo vya mafuta, za makanisa, za viwanja. Nilimkuta anasokota waya wa mota ya kinu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Umebeba nini, mtoto?"

"Taa. Imekufa."

"Nani kakwambia?"

Sikuwa na jibu. Aliniuliza mambo matatu kabla ya kugusa chochote. Iliwaka mara ya mwisho lini? Ikigoma, ignaita inatoa sauti au kimya? Na kuna kitu mlihamisha? La kwanza nilijibu kwa tarehe. La pili nikasema sijui, kwa sababu masanduku yako chumba kingine. La tatu nikasema hapana. Kumbukeni hiyo hapana.

Aliishika balbu akaielekezea angani, akanionyesha kichupa cha ndani: hakijavimba, hakijawa cheusi kwenye ncha, nyaya zake hazijakatika. Akapima choki kwa mita, njia ipo. Akainusa. Kapasita mpya akaitazama, akatazama mchoro ndani ya mfuniko, akacheka kidogo bila kusema neno, na mimi nikatamani ardhi ipasuke. Akaunganisha globu ya zamani ya wati 100 kwenye njia ya umeme kabla ya sanduku, ili kama kuna shoti ndani globu iwake na kitu kisiungue. Globu haikuwaka sana. Akaitoa, akafunga taa kwa kipande cha waya kisichofika hata mita moja, akatuamuru sote tusitazame moja kwa moja. Akawasha.

Ilizizima kama nyuki kwenye chupa, sekunde mbili, tatu. Halafu ikashika. Bluu, zambarau, na polepole kibanda kizima kikawa cheupe, mpaka muuza maparachichi wa upande wa pili akaja kuuliza kuna nini. Tukaiacha nusu saa. Akanitoza elfu tano, "ya kutazama tu, sijatengeneza kitu". Nikamwambia ndaga fijo, akacheka tena.

Nilirudi Iringa nikijiona mshindi. Nikaipachika taa namba 4 mahali pake, nikarudisha sanduku kwenye rafu yake, nikamwita fundi sanifu ashuhudie. Nikabonyeza. Kimya kabisa.

Utani ulikuwa mwingi wiki ile. Kwamba taa imezoea baridi ya Mbeya. Kwamba imekataa ugali wa Iringa. Mimi nilikuwa karibu kulia, kwa sababu sasa sikuwa na hata ile faraja ya kusema imekufa. Kitu kilichokufa hakiwaki Mwanjelwa.

Nikampigia fundi. Hakushangaa. "Basi ugonjwa hauko kwenye taa. Uko kwenye chumba. Waya kutoka kwenye sanduku mpaka kwenye taa una urefu gani?" Nikachukua futi kamba. Mita 14 na sentimita 30. Kukawa kimya upande wa pili, halafu akauliza taratibu: "Nilikuuliza kama mlihamisha kitu."

Tulihamisha. Novemba, wageni walilalamika kwamba masanduku yananguruma, na ni kweli yalikuwa yanatoa joto na yako karibu na maji. Ikaamuliwa yapelekwe kachumba ka ukorido. Uamuzi haukuwa mbaya. Hakuna aliyeandika popote. Na mimi ndiye niliyeshika ngazi wakati waya mpya unapitishwa darini. Nilimjibu yule mzee "hapana" kwa moyo mweupe, kwa sababu kichwani mwangu taa ilikuwa ni balbu. Kilichohamishwa yalikuwa "masanduku".

Alinieleza hivi. Pigo la ignaita ni kali lakini ni fupi sana. Waya mrefu unalimeza njiani. Nyaya mbili zinazotembea pamoja kwa mita nyingi zinafanya kama kapasita, pigo linafika limechoka. Ignaita za aina ile zinataka kukaa karibu na taa. "Kwenye viwanja, hata choki zikiwekwa chini, ignaita tunaipandisha juu ya nguzo. Hukuwahi kujiuliza?" Sikuwahi. Na kwa nini ziliendelea kuwaka mpaka Januari? Kwa sababu balbu ikiwa bado na nguvu inakubali hata pigo hafifu. Kadiri inavyozeeka inadai pigo kali zaidi. Moja baada ya nyingine zilifika umri ambao mita 14 zikawa nyingi.

Alikuja Iringa siku moja, kwa basi la alfajiri. Choki aliziacha kulekule ukoridoni, akahamisha ignaita peke yake, akazifungia kwenye viboksi vya plastiki ukutani juu ya matangi, mbali na marasharasha, kwa waya unaostahimili volti zile. Lakini kabla ya hayo alipima soketi zetu akakuta waya wa ethi umekatwa zamani. Alikataa kuwasha chochote. "Maji, vyuma, watoto wa watu, na hakuna ethi?" Nusu ya siku yake iliishia kwenye ethi, kazi ambayo hatukumwitia na ambayo huenda ndiyo iliyokuwa ya maana kuliko zote. Namba 2 ikawaka. Namba 4 ikawaka. Namba 1 ikagoma. Akafungua holda akakuta sehemu ya kugusana imeota kutu ya kijani kwa unyevu. Holda mpya, ikawaka. Namba 3 aliiinua dirishani akaniita nije kutazama mwenyewe: kichupa kimevimba, ncha zote mbili nyeusi kama masizi. "Hii ndiyo maiti yako," akasema. "Moja."

Gharama yote, pamoja na nauli, holda, waya na kazi, haikufika hata bei ya robo ya taa moja mpya tuliyokuwa tumepewa kwenye nukuu ya bei. Ofisi ilikataa kulipa. Hana mashine ya EFD, hayumo kwenye orodha ya wazabuni, na juu ya hayo ni "fundi wa mtaani". Sina ugomvi na risiti. Kodi ni kodi, na mtu akiunganisha umeme karibu na maji nataka nijue anajua anachofanya. Cheti chake cha VETA anacho, kimefungwa kwenye nailoni, alikuja nacho bila kuombwa. Ninachogombana nacho ni kwamba chuo kinachoweza kuandaa mjadala wa siku mbili kuhusu maarifa asilia kimeshindwa kubuni karatasi ya kumlipa mtu mmoja aliyetumia maarifa mbele ya macho yao. Nilimlipa kwa posho yangu. Fundi sanifu akaongeza elfu ishirini akasema nisimtangaze.

Wapo wanaoniambia nimepoteza muda: taa hizi zimepitwa na wakati, wekeni LED. Ni kweli. LED inakula umeme kidogo, haina zebaki, inawaka papo hapo. Ningekuwa naanza upya ningeomba LED. Lakini LED nayo ina draiva, na draiva inakufa mara nyingi kabla ya taa yenyewe, na siku itakapozima watu walewale watabonyeza swichi mara mbili na kuagiza fomu. Ukibadilisha kifaa bila kubadilisha tabia umenunua maiti mpya kwa mkopo.

Na tusiseme kwamba mambo haya ni madogo, ya taa na waya tu. Huku kwetu tuna kisa kikubwa zaidi cha namna hiyo. Kwenye mteremko wa Udzungwa, mpakani mwa Iringa na Morogoro, kuna mto Kihansi, na kituo cha umeme cha megawati 180. Mwaka 1996 wataalamu walikuta chini ya maporomoko yake chura mdogo wa manjano, anayezaa watoto hai, anayeishi kwenye marasharasha ya maji yale tu na si kwingine duniani. Maji yakaelekezwa kwenye mitambo, marasharasha yakapungua. Mwishoni mwa mwaka 2000 vyura wapatao mia tano walipelekwa Marekani wafugwe kwenye masanduku ya vioo. Huko walikufa kwa wingi mpaka wakabaki chini ya mia. Mwaka 2009 wakatangazwa kuwa wametoweka porini. Wangeweza kuishia kwenye sentensi hiyo. Lakini watunzaji wa New York na Toledo walikuwa wanakagua kimoja baada ya kingine, chakula, maji, mwanga, magonjwa, mpaka vyura wakazaana. Mwaka 2010 vyura mia moja walirudishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na 2012 wakaanza kuachiwa Kihansi kwenyewe, chini ya mabomba ya kunyunyiza maji. Wale waliandikiwa kutoweka na bado kuna mtu aliyeendelea kuuliza wanakosa nini. Sisi umeme wa gridi ileile tuliubonyeza mara mbili tukakata tamaa.

Mawe yangu yameota tena. Nimeanza vipimo upya, nimechelewa muhula mzima, na ada ya muhula wa ziada hailipwi na mtu mwingine. Ukutani karibu na swichi nimebandika karatasi: ikizimika, subiri dakika ishirini, sikiliza ignaita, badilisha balbu na iliyo nzima kabla ya kulaumu sanduku, zima na chomoa kabla ya kufungua holda, kapasita itolewe chaji, ukihamisha kitu chochote, andika hapa. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza wanaipiga picha.

Wiki mbili zilizopita nilipata barua kutoka ofisi ya mali. Inanitaka nieleze kwa maandishi kwa nini natumia vifaa vilivyokwisha kufutwa kwenye daftari. Nimejibu. Nimeandika kwamba nilisaini bila kutazama na kwamba kosa hilo ni langu. Nimeandika hali ya kila taa: namba 1 ilikuwa na kutu kwenye holda, namba 2 na namba 4 hazikuwa na ubovu wowote, tulizihamishia ignaita mita 14, namba 3 balbu yake imekwisha. Nikaenda stoo kuomba fomu ya namba 3 peke yake, nipate balbu moja. Mama wa stoo alifungua kompyuta, akatafuta kwa muda, akanitazama juu ya miwani. Akasema haiwezekani, mwanangu. Hiyo ilishakufa Machi, na mfumo haukubali kitu kufa mara mbili.